Kwa mnaoanza kuandaa mihadhara ya umma na maonesho chuoni

Wadogo zangu mlioripoti kazini mwaka huu, wiki iliyopita nimewaona mkikaa kikao kirefu kujadili rangi ya bango na nani akae kushoto kwa mgeni rasmi. Kikao kimeisha bila mtu kuuliza wananchi wa jirani, wa Maji ya Chai na Kikatiti, watajuaje kuna mhadhara, na wakishajua watafikaje. Sikusema kitu kwa kuwa kikao hakikuwa changu, lakini nilitoka nikiwa na uchungu. Ninyi ni vijana wazuri, mna bidii kuliko wengi waliowatangulia, halafu mnaelekea palepale wenzenu walipokwama.

Kwangu mhadhara wa umma unapimwa kwa mtu wa kiti cha nyuma. Akitoka na jibu alilolifuata, tumefanya kazi. Akitoka na soda na kipeperushi, tumekula hela ya serikali. Yote ninayowaambia hapa chini yanatoka hapo.

1. Tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, na kila mwenye kasma, yaani fungu la bajeti, yenye salio anaukumbuka mhadhara ikifika Juni. Matokeo yake mihadhara mitatu inagombania ukumbi mmoja na wasikilizaji walewale, wengi wao wanafunzi wanaojiandaa na mitihani. Pangeni mapema. Jumamosi ni soko Tengeru, akina mama hamtawapata, na Wasabato wa Usa River wako kanisani. Ijumaa mchana kuna swala. Masika msiwaite watu wa vijiji vya juu, barabara hazipitiki. Kwa walio Moshi, mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi ni Kilimanjaro Marathon. Mbio zinaanzia na kuishia pale Chuo Kikuu cha Ushirika, mji unajaa, na mhadhiri wenu kutoka Dodoma hatapata pa kulala.

Na kuna jambo nimelisema kwenye vikao mpaka wenzangu wamelizoea: Moshi ingepata mihadhara yake bora kabisa kati ya Krismasi na mwaka mpya. Wachaga wamerudi nyumbani, wapo wa Dar, wa Mwanza, wa ng'ambo, wana nafasi, na wana maswali kuhusu kihamba (shamba la ukoo), kahawa, migomba na maji ya mifereji. Sisi wakati huo tumefunga milango na mlinzi yuko getini peke yake. Mmoja wenu mwenye nguvu za ujana alibebe hili.

2. Mgeni rasmi. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Miaka ya nyuma, kwenye chuo kimoja nisichokitaja, uliandaliwa mhadhara kuhusu madini ya floraidi kwenye maji ya kunywa. Mada nzuri kuliko hiyo kwa watu wa Meru na Arusha sijui kama ipo. Mnajua wenyewe: maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, yanabeba floraidi, na watoto wanaota meno ya kahawia yasiyosafishika kwa mswaki wowote. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na kuna vyanzo huku kwetu vinavyopita kiwango hicho mara nyingi. Kwa mara ya kwanza tangazo lilipita makanisani, misikitini na kwa watendaji wa vijiji. Watu wakaja, ukumbi ukajaa mpaka wengine wakasimama dirishani.

Mimi nilikuwa mlangoni na daftari la wageni. Akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, mkononi ana chupa ya plastiki ya lita moja na nusu imejaa maji, kifuniko kimezungushiwa nailoni na kufungwa kwa uzi ili kisivuje njiani. Akaandika jina lake taratibu, akaandika kijiji, akaandika namba ya simu ya mwanawe. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, haya maji ya bomba letu yanapimwa wapi? Nina mjukuu anaota meno, nataka kujua kama nikiyachemsha inatosha." Nikamwelekeza akae, kwamba wataalamu watajibu baada ya mhadhara.

Ratiba ilisema saa tatu. Mgeni rasmi alifika saa sita kasoro. Wakati wote huo hakuna aliyeruhusiwa kuanza, kwa sababu itifaki. Alipofika, ukaanza utambulisho wa meza kuu, mmoja mmoja, kila aliyetambulishwa akisimama na kupungia. Kwaya ikaimba. Ikaja risala, ikaja hotuba ya ufunguzi, na hotuba ikaanza kwa kutaja vyeo vyote vilevile kabla ya kusema itifaki imezingatiwa. Mhadhiri alipopewa kipaza sauti ilikuwa inakaribia saa saba na nusu, na akaombwa apunguze nusu. Ni mtu anayejua kazi yake. Lakini slaidi zake zilikuwa za mkutano wa wanasayansi, grafu juu ya grafu, na kwa haraka aliyokuwa nayo akateleza kwenye Kiingereza akabaki hukohuko. Maswali yakapewa dakika kumi. Wakauliza wanaume watatu wa mstari wa mbele, wawili kati yao watumishi wa chuo, na mmoja hakuuliza, alitoa pongezi. Neno la shukrani, picha ya pamoja, chakula.

Yule mama mkono wake ulikuwa juu muda wote wa yale maswali. Niliuona kutoka mlangoni.

Linalonichoma zaidi ni hili. Maabara ilikuwa mwendo wa dakika mbili kutoka ukumbini, na kifaa cha kupima floraidi kilikuwemo. Ila fundisanifu wa maabara siku hiyo alikuwa amepangiwa kugawa maji ya chupa meza kuu, na mlango wake umefungwa. Mama alikuja kuaga, akaiweka ile chupa kwenye meza ya usajili, akasema, "Nawaachia, labda mtanipigia." Daftari lenye namba ya mwanawe likachukuliwa jioni ileile, likawa kiambatisho cha ripoti ya utekelezaji, likafungiwa kabatini. Hakupigiwa. Na ripoti ilisema mhadhara ulifana.

Sasa sikilizeni alichokuwa anastahili kuambiwa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo yaliyosalia kwenye sufuria yana floraidi kali kidogo kuliko yaliyoingia. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii. Maji ya mvua yakivunwa kwa usafi yana floraidi kidogo sana, yanafaa kwa kunywa na kupikia chakula cha mtoto. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ukichomwa inavyotakiwa, unanasa floraidi, na kazi hiyo imefanyiwa utafiti miaka mingi pale Ngurdoto, kwenye kituo cha Wizara ya Maji, jirani kabisa na anakoishi huyo mama. Magadi ya kulainishia makande nayo yana floraidi, apunguze. Na miaka ya kwanza ya mtoto, hadi kama minane hivi, ndiyo ya kulindwa zaidi, kwa sababu meno ya ukubwani yanajengwa humo ndani ya fizi kabla hayajaonekana. Yote haya ni dakika tatu za Kiswahili.

Kwa hiyo, vijana: mhadhara uanze saa iliyoandikwa. Mwandikieni mgeni rasmi barua yenye saa yake ya kuongea, na mwambieni katibu wake kwa simu, kwa heshima, kwamba akichelewa mhadhiri atakuwa ameshaanza na yeye atapewa nafasi ya kufunga. Wengi wanakubali. Mheshimiwa naye ana ratiba yake na hafurahii kusubiriwa na watu wenye njaa. Utambulisho wa meza kuu ufanywe na mshereheshaji kwa pumzi moja. Maswali yapewe dakika arobaini zisizoguswa. Aanze mtu wa nyuma, mwanamke akitangulia, na vijana wawili wazunguke na karatasi na kalamu kwa wasiopenda kusimama. Nje ya ukumbi iwepo meza ya wataalamu, na fundisanifu akae hapo na kifaa chake, wa kugawa maji atafutwe mwingine.

3. Mhadhiri. Mpigieni wiki mbili kabla, siyo kumtumia barua pepe tu, na muombeni slaidi kumi kwa Kiswahili. Atasema haiwezekani, istilahi hazipo. Kaeni naye. Wengi wetu tumesomea Kiingereza na tunaona aibu kukwama mbele ya watu, hivyo msimkejeli. Mpeni mtu mmoja wa kumsikiliza kabla, ikiwezekana mlinzi au mpishi wa chuo, na pale msikilizaji anapokunja uso ndipo pa kurekebisha.

4. Umeme. Jenereta lijaribiwe jana yake likiwa na mzigo wote, spika na projekta pamoja. Betri za vipaza sauti ziwe mpya. Ekstensheni ziwe mbili.

5. Maonesho ya ndani. Picha ziwe usawa wa macho na maandishi yasomeke kutoka hatua tatu. Hilo mnalijua, hamlitekelezi tu.

Msilolijua ni kwamba wageni wanajua kuliko maelezo yenu. Tuliwahi kutundika Moshi picha za zamani za ushirika wa kahawa. Historia hiyo ni ndefu: wakulima wa Kilimanjaro walianza chama chao, KNPA, mwaka 1925, KNCU, chama kikuu cha ushirika, ikafuata mwaka 1933, na Chuo cha Ushirika kikafunguliwa Moshi mwaka 1963. Chini ya picha moja tuliandika "Wakulima wakipeleka kahawa ghalani". Mzee mmoja wa Machame akasimama mbele yake, akavua kofia, akasogeza uso mpaka karibu aguse kioo. Akasema lile ghala analijua, akataja chama cha msingi, akaonyesha kwa kidole mtu aliyeshika mizani na kumtaja kwa jina la ukoo. Akaeleza kwamba magunia yale hayakuwa yanapelekwa. Yalikuwa yanarudishwa, kwa sababu kahawa ilikuwa haijakauka vizuri, na ndiyo maana hakuna anayecheka pichani. Kijana wetu aliyekuwa anaongoza wageni akamgusa bega: "Mzee, tusogee, kuna foleni." Foleni yenyewe ilikuwa ya wanafunzi waliokuwa wanasubiri kupiga selfi mlangoni.

Mzee anapoanza kusimulia, msimamishe foleni nzima. Wekeni kiti karibu na picha, wekeni kijitabu na penseli kwa kamba chini ya kila moja, na mmoja wenu awe na kinasa sauti cha simu, aombe ruhusa, arekodi. Maonesho yetu yale yalikuwa na picha nyingi na maelezo mengi ya kubahatisha. Jambo la uhakika kuliko yote tulilopata siku ile lilitoka kinywani mwa mgeni.

6. Nane Nane, viwanja vya Themi, Njiro. Agosti Arusha ni baridi asubuhi na vumbi mchana, njooni na sweta na kitambaa cha kufutia meza. Banda lisiachwe tupu saa ya chakula, peaneni zamu, maana shule huja saa hiyohiyo na watoto ndio wenye maswali magumu. Msigawe vipeperushi kwa anayepita, mpeni aliyesimama.

Na leteni kitu kinachofanya kazi. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapo Tengeru alishinda tuzo ya uvumbuzi wa kihandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio chake cha maji. Kitu kama hicho mkulima hahitaji kukisoma kwenye bango. Mwekee maji upande huu, ayaone yakitoka upande ule, halafu mwambie bei na mahali pa kununua. Bei msiisahau. Nimeona mabanda yenye vikombe vya ushindi mezani ambayo hakuna mtu anayeweza kutaja bei ya kinachooneshwa, na mkulima anaondoka akitikisa kichwa.

7. Baada ya shughuli. Daftari la wageni litolewe nakala siku hiyohiyo kabla halijaenda kwenye ripoti. Gawaneni namba, kila mmoja kurasa zake, na ndani ya wiki mbili kila aliyeacha swali apigiwe, hata kama jibu ni kwamba bado mnalitafuta. Sampuli zilizoachwa ziandikwe jina na tarehe na zipelekwe maabara kabla watu hawajakaa kwenye chakula. Vocha za simu ziingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Kasma ya mawasiliano ipo, na mhasibu akiikata, njooni ofisini kwangu nitakwenda naye kuzungumza mwenyewe.