Madoa kwenye sensa ya kamera ukiwa safarini: majibu kwa wapiga picha wa Mombasa

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wanaopiga picha Mombasa na viunga vyake, wengine kwa riziki, wengine kwa kupenda tu. Tumeyafupisha na kuyajibu moja baada ya jingine.

Nilipiga Fort Jesus kutoka upande wa bahari, nikakuta madoa ya kijivu angani. Picha za watu za siku hiyohiyo, lenzi ileile, ni safi kabisa. Lenzi imeharibika? (Msomaji, Mji wa Kale)

Lenzi yako ni nzima. Hilo ni vumbi lililotua kwenye kioo chembamba cha kichungi kilicho mbele ya sensa, yaani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Watu uliwapiga tundu la lenzi likiwa wazi, pengine f/2.8. Ngome uliipiga kwa tundu dogo, f/11 au f/16, ili kila kitu kitoke wazi, na hapo ndipo vumbi lilipojitokeza.

Chembe haiko juu ya pikseli zenyewe (nukta za sensa zinazopokea mwanga), iko mbele yake kidogo. Chukulia kioo hicho kina unene wa milimita 2. Kwa f/2.8, mwanga unaokwenda kwenye pikseli moja hupita juu ya kioo ukiwa umetanuka karibu milimita 0.7, kwa hiyo chembe ndogo huziba sehemu tu ya mwanga huo na kivuli chake kikafifia. Kwa f/16 mwanga huohuo umebana kufikia milimita 0.1 hivi. Chembe ileile sasa inauziba karibu wote, na doa linatoka jeusi lenye ukingo.

Hakikisha kabla ya kufanya lolote. Weka ISO 100, hali ya A au Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua muda), f/16 au f/22, na uongeze mwangaza stopu 1 (yaani mara mbili). Zima fokasi ya otomatiki, ipeleke mbali kabisa, kisha elekeza kamera kwenye ukuta mweupe ulio hatua moja mbele yako. Bonyeza huku ukiisogeza kamera taratibu, ili alama za ukuta zifutike na za sensa zibaki. Kuza picha kwenye skrini, uipitie kona hadi kona. Rudia kwa lenzi nyingine: doa lisilohama liko kwenye sensa. Uchafu wa kioo cha mbele cha lenzi hautoi madoa ya namna hii. Huo huleta ukungu na mng'ao wa ovyo unapoelekea jua.

Jambo moja linawachanganya wengi: picha huangukia sensa kichwa chini. Doa la juu kushoto angani, ukiikodolea sensa kutoka mbele, liko chini kushoto. Juu na chini hubadilishana, kushoto hubaki kushoto.

Na ukikuta doa moja dogo pembeni, liache. Kulifuta kwenye kompyuta ni kazi ya sekunde chache, na kila mara unapofungua kamera unakaribisha vumbi jingine.

Napiga picha ufuo wa Pirates kila wikendi, upepo wa alasiri hauna simile. Nikiona vumbi naweza kupuliza kwa mdomo, au nikapitishe kwenye hewa ya wajaza tairi? (Msomaji, Bamburi)

Yote mawili, usithubutu. Pumzi ina matone ya mate, na tone likikauka juu ya kioo halitoki tena kwa hewa. Kompresa ya tairi hutoa maji na mafuta pamoja na hewa, tena kwa nguvu inayoweza kupinda mapazia ya shata, yanayofunguka mbele ya sensa unapopiga picha. Hata makopo ya hewa yanayouzwa kwa ajili ya kompyuta hayafai, maana yakiinamishwa hutema kimiminika baridi kinachoacha doa baya kuliko lile la kwanza.

Nunua pampu ya mpira yenye mdomo mwembamba, iliyotengenezewa kamera. Iangalie kitakoni: nzuri ina vali ya kuvutia hewa nyuma, ili isifyonze kupitia mdomo vumbi ililolitoa sasa hivi. Ile ndogo ya masikio ya duka la dawa mara nyingi haina vali, na nyingine zina unga ndani.

Fanya kazi chumbani, feni imezimwa. Betri iwe imejaa. Minya pampu mara kadhaa pembeni kwanza ili itoe vumbi lake. Kama kamera yako ni ya kioo (DSLR, yenye kioo cha kuakisi mbele ya sensa), ingia kwenye menyu ya kusafisha sensa ili kioo kiinuke na kubaki juu. Betri ikiisha katikati, kioo kitashuka na shata litafunga, ndiyo maana tunasisitiza ijae. Geuza mdomo wa kamera uangalie chini, puliza mara 5 hadi 10, na ncha ya pampu isipite pete ya kufungia lenzi. Rudia kipimo cha ukuta. Mara nyingi safari inaishia hapo.

Nitashuka Voi na SGR niingie Tsavo Mashariki siku tatu. Nina bodi moja (kamera bila lenzi), lenzi mbili: 24-70 ya mandhari pana na 100-400 ya vitu vya mbali. Nitabadilishaje lenzi kwenye lile vumbi jekundu? (Dada wa Nyali)

Dada, ushauri wetu wa kwanza ni usibadilishe. Funga 100-400 kabla ya kutoka unakolala asubuhi, uiache mpaka jioni. Mandhari pana piga kwa simu. Vumbi la Tsavo ni laini mno, ndilo linalowapaka ndovu wekundu, na gari likipita mbele yako linabaki hewani muda mrefu. Ukipata bodi ya pili ya kuazima, hata ya zamani, itakufaa kuliko kifaa chochote cha kusafishia.

Ikibidi kubadilisha, mwombe dereva asimame, azime injini, apandishe vioo na kuzima feni ya gari, kwa kuwa feni ndiyo inayotimua vumbi la sakafuni. Subiri dakika 2 au 3 litue. Zima kamera. Legeza kifuniko cha nyuma cha lenzi inayoingia, usikitoe bado. Weka kamera pajani ikiangalia chini, toa lenzi moja, tia nyingine, kisha funika kitako cha lenzi uliyoitoa. Kazi yote isizidi sekunde 10. Kifuniko cha bodi na cha nyuma ya lenzi vifungane vyenyewe kwa vyenyewe vikiwa havitumiki. Hapo watu wengi hukosea: huvitupa mfukoni, vikakusanya nyuzi za suruali, na jioni nyuzi hizo zinaingia kwenye kamera. Vioshe kwa sabuni, uvikaushe vizuri, kabla ya safari.

Lenzi inayorefuka unapovuta huvuta na hewa pia. Kwa hiyo hata usipobadilisha chochote, vumbi kidogo litaingia. Kila jioni, kabla ya kufungua kitu, piga brashi laini nje ya kamera, panguza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, puliza kuzunguka pete ya lenzi, ndipo ufungue.

Tumia pia usafishaji wa kamera yenyewe. Sensa hutikiswa kwa kasi kubwa na chembe zikadondoka. Olympus ndio walioanza nao kwenye E-1 mwaka 2003. Simamisha kamera mezani kwa kitako chake, si kwa mgongo, uurudie mara 2 au 3. Kwa vumbi kavu la Voi unasaidia sana. Kwa vumbi lililokwisha kulowa hewa ya Mombasa, si sana, kwa hiyo usafishaji huo ufanye hukohuko kabla ya kurudi pwani.

Tulikwenda kwa mashua Wasini kuangalia pomboo, nikabadilisha lenzi chomboni. Sasa nina madoa ya duara ambayo pampu haiyatoi. Nina swabu (kijiti chenye kitambaa cha kupangusia) na dawa ya sensa lakini mkono unatetemeka. (Msomaji, Likoni)

Hofu hiyo ni nzuri, itakufanya uende taratibu. Doa la duara lenye ukingo mweusi kuliko katikati, baada ya siku ya bahari, kwa kawaida ni tone la maji ya chumvi lililokauka. Tone linapokauka chumvi hubaki, nyingi yake ukingoni. Na chumvi hunyonya unyevu wa hewani, ikalowa, ikanasa vumbi jingine. Ndiyo maana doa hili halifai kuachwa wiki nzima kama lile la vumbi kavu.

Soma chupa yako. Baadhi ya dawa za sensa ni methanoli, ambayo hutoa mafuta vizuri lakini chumvi haiyeyuki vyema ndani yake. Kwa doa la chumvi tafuta dawa ya sensa yenye msingi wa maji uanze nayo, kisha umalizie kwa methanoli inayokauka bila kuacha alama. Methanoli ni sumu na inawaka: fungua dirisha, weka mbali na moto na watoto. Dawa ya vioo vya dirisha, sanitaiza na spiriti ya duka la dawa zisikaribie kamera, zina viungo vinavyoacha utando. Pamba za masikio nazo huacha nyuzi.

Upana wa swabu ulingane na urefu wa upande mfupi wa sensa: milimita 24 kwa sensa kamili ya 36 × 24, milimita 16 kwa APS-C, ile sensa ndogo zaidi. Ikiwa nyembamba mno itakuachia mstari katikati.

Panguza meza kwa kitambaa kibichi, zima feni, kaa penye mwanga. Puliza kwanza, tena vizuri. Hatua hii hairukwi, kwa sababu punje moja ya mchanga ikikokotwa na swabu huchubua kioo, na mchubuko hauna dawa. Tia matone 2 kwenye ncha ya swabu, ngoja sekunde chache yaenee. Weka ncha kwenye ukingo mmoja wa sensa, uinamishe kidogo, uivute hadi ukingo wa pili kwa mkupuo mmoja. Uzito wa mkono uwe kama wa kuandika kwa penseli usitake karatasi ya chini ipate alama. Ukifika mwisho geuza swabu, rudi kwa upande wake wa pili. Kisha itupe. Swabu ni ya mara moja: ikitumika tena hurudisha uchafu ilioubeba, na hapo ndipo tunapowaona watu wakijuta kwa kubania pesa kidogo.

Ukiona michirizi, dawa ilizidi. Pitisha swabu mpya yenye tone 1. Dawa ikifurika hukimbilia pembeni mwa sensa, na kuitoa huko ni kazi ya fundi. Kama kamera yako ina sensa inayoelea kwa ajili ya kutuliza mtikisiko, ingia kwenye hali ya kusafisha kama kitabu chake kinavyoelekeza, na usiisukume kando. Swabu 3 zikipita na doa halijasogea, simama. Mpelekee fundi, na umwambie wazi ni chumvi.

Dawa hiyo naweza kupanda nayo ndege pale Moi? (Msomaji, Changamwe)

Methanoli hapana, iwe begi la mkononi au la mizigo, kwa kuwa ni kimiminika kinachowaka. Beba pampu, brashi na swabu kavu. Dawa chukua ile ambayo maandishi yake yanasema haiwaki, au ununue unakokwenda.

Asubuhi nikitoka hotelini kamera inajaa ukungu. Nifungue lenzi nipanguze ndani? (Mgeni wa Diani)

Usifungue. Hewa ya pwani imejaa mvuke, na kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 24 hivi kitalowa kikitoka nje. Ukifungua wakati huo, unyevu unatua kwenye sensa na kila chembe inayopita inaganda. Kabla ya kutoka, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uuache nje ya kiyoyozi dakika 30. Mvuke utagandamana juu ya mfuko.

Usiku ihifadhi kwenye kontena la chakula linalofunga kabisa, pamoja na silika jeli (vile vifuko vya kunyonya unyevu) na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikikaa juu ya 60 kwa muda mrefu, fangasi huota ndani ya lenzi, na hao ni tatizo kubwa kuliko vumbi.

Video zangu za ufukweni zina madoa, picha hazina. (Msomaji, Mtwapa)

Kwa fremu 25 kwa sekunde, shata lako liko 1/50 ya sekunde. Kwa ISO 100 kwenye jua kali unalazimika kwenda f/22, na hapo kila chembe inaonekana. Weka kichungi cha ND64, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, mbele ya lenzi. Kinakata stopu 6, unarudi f/2.8, na madoa yanafifia wakati ukingojea kusafisha.

Na simu? (Msomaji, Kongowea)

Panguza lenzi ya nje kwanza. Doa likibaki, liko ndani, na hapo ni fundi wa simu tu.

Kamera ni mpya, haijawahi kutoka Mombasa, lakini ina vidoadoa vingi vinavyorudi kila nikisafisha. (Mpiga picha wa harusi, Tudor)

Huenda ni mafuta ya shata. Shata jipya wakati mwingine hurusha vitone vya mafuta kwenye sensa, na pampu haiwezi kuvitoa. Nikon D600 ya mwaka 2012 ilijulikana kwa madoa yanayorudi, hadi mwaka 2014 Nikon wakakubali kuikagua, kuisafisha na kubadilisha shata bila malipo, hata dhamana ikiwa imekwisha. Kwa hiyo piga picha za ukuta kila baada ya kusafisha, ziweke na tarehe, uzipeleke kwa aliyekuuzia, dhamana ikiwa bado hai.

Kwa picha za wateja ulizokwisha kupiga, usihangaike na moja moja. Lightroom, programu ya kuhariri picha, ina kitufe cha kuonyesha madoa, futa kwenye picha moja kisha nakili marekebisho hayo kwenye nyingine, kwa kuwa madoa hayahami. Zipitie baadaye, hasa penye nyuso na nakshi za kanzu, maana programu huchota sehemu ya jirani kujazia doa, na ikichota penye uzi wa nakshi, mstari unakatika.