Re: Kwa nini balbu mbili hazitoi mistari ya mwanga na giza ukutani?

Ndugu, balbu zako ni nzima. Tatizo ni kwamba kila moja inajiendea. Atomi za balbu hutoa mwanga kwa vipande vifupi mno, na kila kipande huanza na fazi yake (yaani wimbi limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake), bila kuuliza mwenzake. Kwa hiyo mistari huhama zaidi ya mara milioni mia kwa sekunde, na jicho linaona mwanga mtupu. Ili mistari itulie, tofauti ya fazi kati ya mawimbi mawili lazima isibadilike. Hilo ndilo sharti kubwa kuliko yote.

Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young, mwanzoni mwa karne ya 19, alilikwepa tatizo hili kwa kutumia chanzo kimoja cha mwanga na kukigawa. Fazi ikiruka, inaruka pande zote mbili pamoja.

Urefu wa wimbi nao uwe mmoja, na ukubwa wa mawimbi ukaribiane, la sivyo sehemu za giza hazitakuwa giza kweli.

Wengi husahau umbali kati ya vyanzo. Kwa leza nyekundu ya nanomita 650, matundu mawili yanayoigawa (ndiyo vyanzo viwili) yakiachana nusu milimita na ukuta ukiwa mita 2, mistari huachana kwa milimita 2.6. Tenganisha vyanzo kwa sentimita 5, kama balbu zako, utapata milimita 0.026. Nani ataiona?

Ukitaka kuona bila leza, angalia dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi. Utando wake huugawa mwanga uleule mara mbili: sehemu moja hurudi kutoka juu ya utando, nyingine kutoka chini yake.