Wafore si wawindaji tu
Umeuliza kama Wafore huishi kwa kuwinda tu. Hapana ndugu, Wafore, kabila la nyanda za juu za mashariki mwa Papua New Guinea, wilaya ya Okapa, hawaishi kwa kuwinda tu. Ni wakulima hasa. Wanaume hufyeka msitu, huchoma, kisha hujenga uzio, maana nguruwe wakiingia shambani hakibaki kitu. Wanawake hupanda na kupalilia viazi vitamu, ndicho chakula kikuu, na nguruwe nao hulishwa viazi hivyo hivyo. Udongo ukichoka, wanahamia kipande kingine. Cha zamani kinaachwa kiote vichaka. Pale palipolimwa mno, msitu umegeuka nyika ya majani. Siku hizi pesa inatoka kwenye kahawa. Watu wanawajua Wafore kwa kuru tu, ugonjwa wa ubongo unaoua uliowahi kuwakumba, inasikitisha.