Shangazi, mada yangu imerudishwa mara mbili

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa nne, nasomea biolojia, na kwetu ni Matondoni, Lamu. Mada ya mradi wangu wa utafiti ni "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa mikoko ya Lamu". Msimamizi ameirudisha mara mbili. Mara ya pili aliandika neno moja tu pembeni: "Wapi?" Nina miezi minne, na mafuta ya boti ni ya kuomba. Nikimwandikia "Daktari, naomba mwongozo", hajibu. Baba, ambaye amekata boriti tangu ujana, ananicheka, eti kama ni mikoko si ningemuuliza yeye. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Matondoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo msimamizi wako nimempenda. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, nawe una miezi minne na boti ya watu. Halafu tabianchi huhesabiwa kwa wastani wa miaka kama 30. Ukienda na mada hiyo utapima kaskazi moja, labda na mwanzo wa kusi, basi.

Baba yako naye usimpuuze. Muulize mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, ukikatwa kunakuwaje. Atakwambia kisiki huchipua. Sasa muulize mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, Rhizophora mucronata. Huo ukikatwa shina hauchipui, hufa. Kwa hiyo palipokatwa mkoko, utarudi kwa miche tu, ile inayoanza kuota ingali juu ya mama yake, ikaning'inia kama mabamia marefu, kisha ikaanguka. Hapo swali unalo tayari: je, miche ya mkoko ni mingi palipokatwa, au chini ya miti iliyofunga kivuli? Taja mkondo mmoja unaoufikia kwa kasia. Hiyo ndiyo "wapi".

Kifaa kikubwa utakachohitaji ni ufito wa mita 3. Utie alama kwenye sentimita 40 na sentimita 150. Mche ulio chini ya alama ya kwanza ni kundi la kwanza, hadi ya pili ni kundi la pili, hadi ncha ya ufito ni la tatu. Watafiti wa mikoko hapa Kenya wameutumia mgawanyo huo, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza umeutoa wapi. Chora viwanja vya mita 10 kwa 10 kwa kamba, hesabu miche na visiki. Ukitaka na unene wa mti mkubwa wa mkoko, usipime kifuani kama msituni. Panda hadi sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, ndipo uzungushe utepe.

Hapa ndipo wengi huanguka: wanafunga viwanja 30 pahala pamoja palipokatwa, na 30 pahala pamoja penye kivuli, wakidhani wana 60. Ukionja sufuria moja ya pilau kwa vijiko 30, umeonja sufuria moja. Tafuta mahali patatu palipokatwa na patatu pasipokatwa, mbalimbali, na viwanja vitano kila pahala. Jasho ni nusu, na jibu lina maana zaidi.

Mimi nililipia somo langu Mida, kule upande wa Watamu. Nilikuwa nikihesabu mashimo ya kaa. Kituo cha kwanza nilikwenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, cha pili wiki iliyofuata, maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Tofauti ilikuwa kubwa hata nikaanza kupanga maneno ya kujisifu. Msimamizi wangu, mzee asiyepoteza neno, aliitazama jedwali akaniuliza, "Mwezi ulikuwa na siku ngapi?" Nikanyamaza. Kumbe nilikuwa nimepima mwezi, si kaa. Nilirudi matopeni upya, na kiatu changu kimoja cha mpira kiko huko hadi leo. Miche yako haijifichi kama kaa, lakini maji yakikukuta katikati ya kiwanja utakurupuka na kuhesabu vibaya. Kila siku maji hupwa kama dakika 50 baadaye kuliko jana, kwa hiyo panga safari zako kwa kuutazama mwezi wa angani, usipange kwa Jumamosi. Andika kwa penseli. Wino na maji ya chumvi hawapatani.

Ruhusa: mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, hata huo ulio nyuma ya nyumba yenu. Nenda ofisi ya Huduma ya Misitu kabla hujafunga kamba ya kwanza, na umuulize msimamizi mapema kuhusu kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti.

Sasa kuhusu kutojibiwa. "Naomba mwongozo" ni ujumbe usio na mlango wa kuingilia, mwanangu. Mtu ana wanafunzi kumi na rundo la mitihani, aanzie wapi? Mpelekee ukurasa mmoja: swali lako, ramani uliyoichora kwa mkono yenye zile sehemu sita, na jedwali tupu lenye vichwa vya safu tu. Kisha umuulize jambo la kujibiwa kwa mstari mmoja: "Daktari, viwanja vitano kila pahala vinatosha, au niongeze?" Wiki ikipita bila jibu, nenda ofisini na karatasi hiyo hiyo mkononi.

Na siku ya kwanza mchukue baba. Mwonyeshe visiki, akwambie kipi ni cha mwaka jana na kipi ni cha zamani, na amejuaje. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa penseli hiyo hiyo.