Maswali ya Wasomaji: Maji ya Kuoshea Kioo cha Gari Hayatoki

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, Assalamu alaykum. Gari yangu ni ya kubeba wageni baina ya Jambiani na uwanja wa ndege. Kwa muda wa miezi miwili sasa, nikivuta swichi ya kuoshea kioo cha mbele, tundu la upande wa dereva halitoi maji hata tone, na la upande wa abiria linachuruzika tu juu ya boneti. Fundi alilitoboa tundu langu kwa sindano ya kushonea. Lilifanya kazi siku tatu, kisha likaziba tena. Upepo wa Kusi unapovuma kioo hujaa chumvi ya bahari, na jioni ninapoelekea mjini jua hunipiga usoni nikawa sioni njia sawasawa. Maji ninayotia ni ya kisima cha nyumbani. Naomba ushauri. — Msomaji wa Jambiani, Unguja.

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Siku tatu ulizozitaja zimeeleza karibu kila kitu. Tundu lililozibuliwa likaziba tena kwa haraka namna hiyo halikuwa na tatizo lake peke yake. Uchafu unatoka nyuma, kwenye tangi la maji ya kuoshea na mipira inayoyapitisha, na sindano iliondoa kile kilichofika mlangoni tu. Kwa hivyo, kabla ya kuzigusa tena nozeli, kama mafundi wanavyoviita vile vitundu vya kurushia maji, tafuta kwanza maji yanakwamia wapi.

Funua boneti, mwambie mtu akae ndani avute swichi, nawe sikiliza. Kwa kuwa upande wa abiria bado unachuruzika, pampu yako inazunguka, na hiyo ni habari njema. Chomoa mpira mwembamba unaoingia chini ya nozeli ya dereva, uelekeze pembeni, kisha mwambie avute tena. Maji yakiruka kwa nguvu kutoka kwenye mpira, kilichoziba ni nozeli. Yakitoka kwa unyonge, rudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kwenye tangi: angalia kiungo kinachogawa maji pande mbili, kisha vali ndogo inayozuia maji yasirudi (baadhi ya gari huwa nayo), na uupapase mpira wote kwa vidole. Mpira uliokaa miaka mingi karibu na joto la injini hukakamaa ukapasuka kwenye maungio, na ufa mdogo tu unatosha kuiondoa nguvu yote ya maji. Sehemu iliyopasuka hukatwa, na mpira mpya wa unene huohuo si kitu cha bei kubwa.

Nakisia kwamba utakuta unyonge huo unaanzia kwenye tangi lenyewe. Pampu hupachikwa chini ya tangi kwa kushindiliwa ndani ya pete ya mpira, na kwenye mdomo wake au ndani ya pete hiyo mara nyingi huwa na chujio dogo la wavu. Hapo ndipo hukusanyika mchanga mwembamba, vumbi linaloingia kila mfuniko unapoachwa wazi, na ule ute wa kijani unaoota ndani ya maji yaliyolala kwenye joto. Weka ndoo chini, kwa sababu ukiichomoa pampu maji yote yatamwagika. Katika gari nyingi tangi limejificha nyuma ya bampa au ndani ya bawa la tairi la mbele, na utalazimika kufungua kwanza plastiki ya kinga. Lisuuze tangi kwa maji ya moto kiasi na siki mpaka yanayotoka yawe safi, usafishe wavu kwa mswaki laini, kisha urudishe pampu ukiwa umeilowesha pete kwa maji ili iingie bila kuchanika. Kabla ya kuiunganisha mipira na nozeli, endesha pampu kidogo ili mabaki yote yaishie nje. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayowarudisha kwa fundi baada ya siku tatu.

Sasa nozeli zenyewe. Ule ukoko mweupe unaouona mdomoni mwake ni chokaa, na si ajabu kuuona kwako. Unguja, hasa upande wa mashariki, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita katika mawe hayo huyayeyusha kidogo kidogo. Jiwe hilohilo ndilo lililokuwa likichomwa tanuuni kupata chokaa ya kujengea nyumba za Mji Mkongwe, na ndilo linalofanya gamba ndani ya birika lako la chai. Maji yanapokaukia kwenye tundu la upana usiofika milimita moja, kila siku huacha kidogo, na kwa kuwa visima vingi vya ukanda wenu vina maji ya chumvichumvi, chumvi nayo huongezeka juu yake. Dawa yake ni siki nyeupe. Chovya kitambaa ndani ya siki ya uvuguvugu, kifunike nozeli kwa muda wa nusu saa, na ukiona mapovu madogo ujue siki inakula chokaa. Ukiweza kuichomoa nozeli, itumbukize nzima. Lakini vishikio vyake vya plastiki vilivyopigwa na jua kwa miaka huvunjika kwa urahisi, kwa hivyo vibane kutoka chini ya boneti kwa upole na usiing'oe kwa bisibisi kutoka juu. Siki iliyodondokea rangi ya gari ioshe papo hapo.

Baada ya hapo sukuma maji kinyume, kutoka mdomoni kuelekea nyuma, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mpira ukiwa umechomolewa ili uchafu usirudi ndani. Upepo wa pampu ya tairi nao unafaa, ila uwe wa nguvu ndogo. Kama kitu hakipiti kabisa upande huo, huenda nozeli yako ina vali yake ndani, usilazimishe. Na badala ya sindano ya chuma, ambayo hupanua tundu na kuupotosha mwelekeo wa maji kwa daima, tumia kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia. Mshipi hupinda, hauchimbi plastiki, na Jambiani hukosi wa kukupa. Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa nozeli za aina mpya ambazo hazirushi mchirizi, bali hutawanya maji kama feni: ndani yake mna njia zilizochongwa kwa kipimo, na zikikwaruzwa haziwi tena kama zamani.

Ukimaliza, tazama maji yanapoangukia. Gari ikiwa imesimama, mchirizi uguse juu kidogo ya katikati ya eneo linalofutwa na waipa, kwa kuwa mwendoni upepo utausukuma chini. Nozeli ya kijigololi, yaani ile yenye kigololi kidogo kinachozunguka mdomoni, huelekezwa kwa pini nyembamba, na msogeo wa unywele mmoja hubadilisha mengi kwenye kioo.

Limebaki suala la maji, na hapa naomba unisikilize kuliko pote. Acha kutia maji ya kisima. Kinga maji ya mvua wakati wa Masika na Vuli kutoka kwenye paa la bati, baada ya mvua ya kwanza kuliosha paa, uyachuje kwa kitambaa safi na kuyahifadhi kwenye dumu lililofungwa. Mvua ikikosekana, nunua maji safi yanayouzwa kwa ajili ya betri, au ukusanye yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha nyumba. Yote hayo hayana chokaa. Ukipata dawa maalumu ya kuoshea vioo vya gari, ichanganye na maji hayo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Usipoipata, mwaga na ubadilishe maji kila baada ya wiki chache. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba maji matupu katika matangi haya yanaweza kukuza bakteria wa Legionella, ambao huleta nimonia kali pale mtu anapovuta ukungu wa maji yenye bakteria hao.

Kwa ile chumvi ya Kusi, kabla hujaondoka nyumbani mwagia kioo kopo la maji baridi kwa mkono, kisha ndiyo uwashe waipa. Waipa ikipita kavu juu ya chumvi na mchanga hukikwaruza kioo, na mikwaruzo hiyo haiondoki. Ndiyo inayotawanya mwanga wa jua la jioni hata kioo kikiwa kisafi.

SWALI: Yangu haitoi sauti yoyote nikivuta swichi, na maji yamo tele. Nimezoea kutia sabuni ya unga. Mfuniko wa kisanduku cha fyuzi umeandikwa Kijapani. Nifanyeje? — Msomaji wa Wete, Pemba.

JIBU: Ukimya huo unaonesha kwamba tatizo ni la umeme au pampu, si la nozeli, kwa hivyo usianze kuzibua kitu. Kama huwezi kuusoma mfuniko, upige picha umwoneshe mtu anayejua Kijapani, au chomoa fyuzi mojamoja huku swichi ya gari ikiwa imezimwa, utazame kama uzi wa ndani umekatika, na urudishe kila moja palepale kabla ya kuchomoa nyingine. Badilisha kwa rangi ileile: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20. Usiweke kubwa zaidi eti isikatike tena, kwani fyuzi hukatika ili waya usiungue. Fyuzi zikiwa nzima, chomoa plagi ya pampu umwombe fundi apime kama volti 12 zinafika pale swichi inapovutwa. Zikifika na pampu ikanyamaza, pampu imekufa, na mara nyingi huwa imeuawa kwa kuendeshwa tangi likiwa tupu.

Sabuni ya unga iache kabisa. Haiyeyuki yote, huganda chini ya tangi, na ikikutana na maji yenye chokaa hufanya utando unaoziba wavu. Wala usitie kulanti ya rejeta: ni sumu, huacha mafuta kwenye kioo, na usiku taa za gari inayokuja zitakupofusha.

SWALI: Nikiosha kioo cha nyuma maji hayatoki, lakini zulia la ndani ya gari limeanza kulowa na kutoa harufu. Je, ni maji ya mvua? — Bibi msomaji wa Mwanakwerekwe, Unguja.

JIBU: Bibi, usiendelee kuivuta swichi hiyo. Mpira wa nyuma hupita ndani ya gari, chini ya mazulia au kwenye nguzo za paa, mpaka kwenye mlango wa nyuma, na hukatika hasa pale unapokunjwa kila mlango unapofunguliwa. Nozeli ya nyuma ikiziba, nguvu ya pampu nayo huweza kuuchomoa mpira kwenye kiungo. Baadhi ya gari hutumia pampu moja yenye midomo miwili, ambayo huzunguka upande huu kwa kioo cha mbele na upande wa pili kwa cha nyuma, kwa hivyo mbele kukitoka maji vizuri si ushahidi kwamba nyuma kumesalimika. Mwambie fundi aanze kwenye mlango wa nyuma, auvue ule mpira mweusi wenye mikunjo unaobeba nyaya, atie maji kidogo yenye rangi ya chakula kwenye tangi na kuangalia rangi inatokezea wapi. Zulia livuliwe na kuanikwa juani siku hiyohiyo, kwa sababu chini yake hupita nyaya na bati lisilopata hewa, na kutu ikianza pale haionekani mpaka imeshatoboa.