Dada ametoka kwa mume usiku na watoto, aanzie wapi?

Pole sana kwa dadako. Maadamu ashavuka feri kutoka Likoni hadi Mombasa mjini na watoto anao, aanze hospitali, polisi baadaye. Majeraha hupotea haraka. Aende Hospitali Kuu ya Pwani, aulizie kituo cha manusura wa ukatili wa kijinsia. Kama aliingiliwa kwa nguvu, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Asioge kwanza. Nguo alizovaa azitie kwenye bahasha ya kaki, si plastiki: plastiki hushika unyevu, na unyevu huozesha ushahidi.

Kituo cha polisi aulize dawati la jinsia na asiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio ambamo ripoti yake imeandikwa. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ni bure. Daktari akishaijaza, atoe nakala kabla ya kuirudisha. Wengi hukwama hapa: wanaambiwa "kayamalizeni nyumbani", wanarudi bila chochote kilichoandikwa.

Amri ya ulinzi huombwa mahakamani chini ya sheria ya Kenya ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na hakimu aweza kutoa ya muda hata mume hayupo. Nakala ipelekwe kituo cha polisi cha karibu, la sivyo askari hawatajua ipo. Hana wakili? FIDA, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa. Talaka kwa kadhi ingoje kidogo.

Usiku apige 1195, namba ya msaada kwa ukatili wa kijinsia, bure. Namba ya msaada kwa watoto ni 116.