Muulize Fundi: Kinyago kikiacha weusi kwenye kitambaa

*Shikamoo fundi. Nilinunua kinyago cha ujamaa, watu wamebebana kutoka chini hadi juu, urefu wake kama mkono wangu. Niliambiwa ni mpingo, nikalipa bei ya mpingo. Nimekiweka sebuleni juu ya kitambaa cheupe, sasa kitambaa kimeingia weusi, na kwenye kitako umeanza ufa. Mume wangu anasema nimeuziwa jakaranda iliyopakwa dawa ya viatu. Ni kweli?*
*Mama wa Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba, binti yangu. Usimkubalie mumeo haraka, wala usimkatalie. Weusi wa kwenye kitambaa peke yake hautoshi kutoa hukumu, kwa sababu hata sisi tunaochonga mpingo wenyewe, wengi wetu tunamalizia kwa nta au dawa ya viatu nyeusi ili kazi ing'ae. Pa kutazama ni kitakoni.

Kipindue. Tafuta mahali ambapo msasa haukupita vizuri, ukwaruze kidogo kwa ncha ya kisu. Mpingo ni mweusi hadi ndani, au una rangi ya kahawia nzito yenye mistari myeusi ukiusogeza kwenye mwanga. Ukikwaruza ukakuta chini ya rangi mti wote ni mweupe au wa manjano, mumeo ameshinda. Lakini angalia vizuri: mpingo nao una tabaka jeupe upande wa nje, karibu na ganda la mti. Ukikuta weupe huo umekaa pembeni tu kama utepe, na mpaka wake na weusi unaonekana wazi, hapo furahi. Wako wachongaji wanaouacha kwa makusudi, na mimi ni mmoja wao, kwa sababu mnunuzi akiuona anajua ameshika nini.

Kuna na uzito. Mpingo unazama majini. Ukipata kijipande kilichobanduka, kitupie kwenye glasi ya maji uone. Kinyago chenyewe usikiloweshe, utaongeza ufa.

Sasa huo ufa. Mti huu hukua taratibu mno kwenye misitu ya miombo huko Kilwa, Lindi na Nachingwea, na mara nyingi shina lake limepinda na lina uwazi katikati. Gogo bichi ni laini kwa tezo, kwa hiyo mwenye haraka ya hela huchonga likiwa bichi. Nje hukauka kabla ya ndani, na nje inapojikaza mti hupasuka. Marehemu baba yangu alivuka Ruvuma kutoka upande wa Mueda, Msumbiji, akaja Lindi kukata mkonge, jioni akawa anachonga. Gogo lake alilipaka nta miisho yote miwili, akalifunika kwa magunia kivulini, na hakuligusa hadi aridhike. Akianza, alikaa chini, miguu ameinyoosha, gogo amelibana kwa nyayo. Tezo kwanza, kisha patasi, tupa, msasa mwisho. Kinyago cha ujamaa hakiungwi popote: watu wote hao wametoka kwenye gogo moja, kwa hiyo kasoro yoyote ya gogo wanairithi wote.

Hata mpingo uliokauka vizuri utapasuka ukikaa dirishani kwenye jua, au ukipulizwa na kiyoyozi kutwa. Kihamishe leo. Kisha nenda kwa mchongaji yeyote, muombe unga wa mpingo anaoukung'uta chini ya tupa, atakupa bure. Uchanganye na gundi ya mbao, ushindilie kwenye ufa, uache hadi kesho yake, upige msasa laini, usugue kwa nta isiyo na rangi. Nta ya namna hiyo haitakuchafulia kitambaa.

Na kama itathibitika ni jakaranda? Rudi kwa aliyekuuzia umwambie, bila woga. Jambo hili linaniuma. Jakaranda ni mti mzuri, mkangazi ni mti mzuri, na kinyago kilichochongwa kwa akili kina bei yake hata kikiwa cha mwembe. Lakini anayeupaka mti mwingine rangi akauita mpingo amekuibia wewe, na amemwibia jirani yake kwenye kibanda cha pili, aliyenunua gogo halali na kulimalizia patasi zake. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kwa kutunza misitu yao wenyewe na kuvuna kwa mpango. Mtu anayetunza msitu namna hiyo anashindanaje sokoni na kopo la dawa ya viatu? Ningependa kila kibanda, pale soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, na kwingineko, kiandike jina la mti chini ya kila kazi. Na nyinyi wanunuzi, ulizeni mti kabla ya kuuliza bei.

*Mzee, mwanangu ameniletea kinyago cha shetani, jicho moja, mdomo umekwenda upande. Mama mkwe hataki kiingie ndani, anasema kitaleta balaa. Nifanyeje?*
*Baba wa Morogoro*

Mama mkwe ndiye mwenye neno kuhusu nyumba anayolala, kwa hiyo mheshimu. Lakini mwambie kwa upole historia ya kinyago hicho. Shetani kama mtindo wa uchongaji ulianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, ambaye kazi zake ziliuzwa dukani kwa Mohamed Peera. Umakondeni simulizi za mashetani zipo, ndiyo, lakini kinyago hicho kilichongwa kwa ajili ya mnunuzi na hakijawahi kuingia kwenye tambiko.

Kazi yetu sisi Wamakonde yenye miiko ni lipiko, barakoa ya kuvaliwa ngomani wakati wa jando. Hiyo huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji anaibeba kichwani akicheza. Mpingo ungemvunja shingo. Asiyepitia jando hakutakiwa kujua ni nani yumo ndani yake. Hiyo ndiyo isiyowekwa kabatini ovyo.

*Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa mchongaji Wamunyu, huku kwetu Ukambani, Kenya, na bado yu hai. Marafiki zangu Watanzania hunitania kwamba sisi Wakamba tuliiga uchongaji kwao. Kuna ukweli?*
*Kijana wa Machakos*

Marahaba, mjukuu wangu. Ukweli upo, na hauna aibu. Mutisya Munge wa Wamunyu alifika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa huku. Masimulizi mengi yanawataja Wazaramo, wale wachongaji wa mwana hiti, kile kinyago kidogo anachopewa mwali akiwa ndani. Alirudi nyumbani akachonga, wenzake wakamfuata. Lakini hakukuta mikono mitupu: Wakamba walishakuwa na vigoda vya wazee vilivyopambwa kwa waya, na kazi hiyo inataka jicho kali. Kufikia 1963 walikuwa na chama chao cha ushirika Changamwe, Mombasa, na wanyama wao wa mbao wakauzwa dunia nzima.

Kuna jambo nawapendea sana. Muhugu, mti waliouzoea kuchonga, ulipoadimika, waligeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda, na wengi wao wanautaja mti wanaoutumia. Twiga wa mwarobaini anauzwa kwa jina la mwarobaini.

Muulize babu yako ni nani alimshikisha tezo kwa mara ya kwanza, na muhugu walikuwa wakiukata wapi. Uandike anavyokujibu, kwa maneno yake, uniletee. Nitakutengea nafasi kwenye toleo lijalo.